Maelezo kwa Wageni wa Bwawa la Lihogota

Karibuni. Andikeni majina hapa, na namba ya gari.
Kalamu imefungwa kwa uzi, msiivute, wino wake mvivu.
Elfu tano kwa hema. Mtoto wa kubebwa mgongoni halipi.
Ukitaka stakabadhi nitakupa, usipotaka nitakupa vilevile,
maana afisa wa bonde huja bila taarifa kuhesabu vishina.

Kuni msikate. Ziko kibandani, za miwati, kavu,
fungu elfu mbili, anauza Tulalumba,
na ukimwamkia "kamwene" kwa sauti ya mtu aliyelelewa
anaongeza gogo.
Blanketi la pili msiniulize kama linahitajika.
Hapa Mufindi, mwezi wa sita, sakitu hulala juu ya hema;
asubuhi turubai linasimama lenyewe kama shuka lililotiwa wanga.

Ulanzi mje nao, ila kizibo kiwe legelege.
Unachacha njiani. Mwaka jana dumu lilipasuka usiku
na wageni wawili wa Makambako wakalala kifudifudi hadi alfajiri
wakidhani ni bunduki.

Kuogelea ni upande wa mikaratusi, mwisho boya jekundu.
Ndoano ruhusa, nyavu hapana.
Perege asiyefika kiganja arudishwe akakue.
King'ora kikilia mara moja ni mimi, najaribu, ni Jumatatu.
Kikilia mara tatu acheni sufuria, acheni viatu,
pandeni hadi barabara ya chai.
Sufuria nitawaletea.

Sasa lile ambalo kila mgeni huniuliza
akiwa amesimama kwenye tope lililopasuka, kamera shingoni:
"Dada, mbona bwawa lenyewe halijajaa?"

Limejaa nafasi, kaka.
Halikujengwa kwa ajili ya boti wala picha zenu,
ingawa pigeni, hatutozi.
Kazi yake ni kushinda na njaa mpaka masika yafike,
kama sahani inayofunikwa jikoni bila kitu
kwa ajili ya mtu ambaye hakusema atarudi saa ngapi.

Kabla ya tuta hili mto ulishuka bila hodi.
Ule mwaka wa daraja (huko chini ndivyo wanavyouhesabu,
"huyu kazaliwa mwaka wa daraja",
"hilo deni ni la kabla ya daraja")
uliingia kwa Luvanda usiku wa manane,
ukamwachia mlango, ukachukua nyumba.
Mlango bado umesimama na fremu yake. Kufuli lilikuwa limefungwa.
Watu husimulia hilo wakicheka, nami hucheka nao,
mpaka nimkumbuke Fidesi, binti yake,
aliyekuwa na ufunguo.

Basi. Viwanja.
Ubao unasema viko vinane, daftari langu lina saba.
Mkihesabu mtaona cha saba hakimo,
kile cha bondeni, chenye nyasi laini kuliko vyote,
na mafiga matatu meusi ambayo hayajapikiwa tangu nianze kazi.
Mkurugenzi mmoja alitaka kunilipa mara tatu.
Nikamwambia kimeshachukuliwa.
Akatazama huku na huku. "Na nani?"

Kila alfajiri, mwezi wa tatu, nashuka na tochi.
Mita ya serikali ninaisoma, naandika, nasaini,
lakini mita imeinama kidogo tangu trekta liigonge
na barua ya kuomba nyingine ina miaka minne.
Mimi natazama mafiga.
Maji yakigusa la kwanza, napiga simu bondeni kwa Luvanda.
Hupokea kabla ya mlio wa pili.
Hatusalimiani.
Nasema, "Saba."
Yeye anasema, "Haya,"
na nasikia, kabla hajakata, ndoo ikianza kugongwa
na jirani akijibu kwa ndoo yake.

Choo kiko nyuma ya ofisi, sabuni mje nayo.
Jenereta huzimwa saa nne.
Chukueni cha nane. Kina kivuli,
na upepo wake hupungua ukishausema vibaya mara mbili.