Hatua Tisini

Kwenye ramani ni nukta mbili,
nyekundu na kijani,
na kati yake, kwa kipimo cha Proshanto, hatua tisini.
Nilizihesabu mwenyewe, viatu mkononi,
ukingoni mwa mpunga, bata wakinizomea.
Nani atakunywa sumu kwa uvivu wa hatua tisini?

Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti ya mwaka wa kwanza.
Mimi mtu wa kemia. Nina chupa, nina asidi,
nina mashine kule Dhaka inayokesha ikinguruma
na kunitajia aseniki bila kumwonea mtu haya.
Pampu ya Jobeda Khatun: mia tatu na kumi na mbili.
Pampu ya Moksed, ng'ambo ya shamba: nne.
Maji ya huku na ya kule maangavu
kama jicho la samaki aliyevuliwa sasa hivi.
Tukapaka rangi, nyekundu huku, kijani kule,
tukapiga picha, tukarudi chuoni.

Mwaka wa pili nyekundu ilikuwa imechubuka
pale mkono unaposhika.
Pale tu.

Jobeda akanifunulia viganja: vinundu vigumu,
punje za mchele zilizosahauliwa chini ya ngozi.
Nami nikamfunulia jedwali.
Alilitazama kwa adabu,
kama mtu anavyotazama picha za harusi ya asiowajua.

Lubaba ni wa sosholojia.
Vikaoni tulimpa dakika kumi za mwisho,
baada ya chai, watu wakifunga mikoba.
Yeye aliketi jikoni kwa Jobeda siku nne akimenya vitunguu.
Habari za maji hakuuliza.
Aliuliza: yule mbuzi wa nani?
Ule mpopoo, nani aliukata?

Aliukata Moksed, usiku, shemeji mtu,
ndugu wa marehemu.
Kesi ina miaka kumi na mmoja mahakamani,
juu ya kipande cha ardhi chenye upana wa mkeka.
Kuna na neno alilolisema siku ya matanga, watu wakisikia.
Na pampu yake iko uani,
huifikii ila upite mlangoni pake, mchana kweupe,
mtungi mtupu kiunoni.
"Sumu inaua polepole," alisema Jobeda, kisu mkononi.
"Aibu haina subira hiyo."

Nilifuta sentensi yangu ya uvivu.
Nilifuta usiku, peke yangu, na bado niliona haya.

Tulizozana chini ya feni mbovu.
Proshanto akachora mchanga wa kahawia,
mita mia mbili chini, maji yasiyo na doa.
Sawa. Lakini fedha ni za kisima kimoja,
na kaya ni thelathini na nne.
Tuchimbe uani kwa nani?
Kila ua una mlango, kila mlango una kinyongo chake.

Torikul, mwanafunzi wa sheria, tuliyemchukua abebe makasha,
alikuwa amelisoma jalada la kesi lote, kwa kukosa kazi.
Akatandaza ramani ya zamani iliyoliwa na mchwa:
upana ule wa mkeka
haukuwa wa Jobeda, wala wa Moksed.
Ulikuwa njia. Njia ya watu wote,
mpaka mpunga ulipoimeza.

Basi pampu imesimama pale, juu ya ugomvi wenyewe.
Juma la kwanza mpini uliibwa.
Juma la tatu ulirudi, umepakwa mafuta,
na hakuna aliyeuliza.
Viganja vya Jobeda viko vilevile.
Mke wa Moksed huja alfajiri, yeye huja jua likipanda;
juzi walikutana, hawakusalimiana,
ila mmoja alipampu mpaka mtungi wa mwenzake ukafurika.

Sikujua niliandike wapi hilo.
Kwenye jedwali nimeongeza safu moja,
baada ya chuma, kabla ya manganizi.
Bado haina kipimo.
Juu yake nimeandika: muulize Lubaba.