Funda la Kumi

Wiebren Hoekema, mlinzi wa lango la maji
kule Friesland ya kaskazini, mwaka wa thelathini na nane kazini,
amelala chali kitandani kwangu, mrija puani,
machozi yanamtoka, na si ya huzuni.
"Meza," namwambia. Anameza.
"Sasa tulia. Usimeze hata mate."
Nusu dakika ni ndefu
kwa mtu aliyekatazwa mate yake mwenyewe.

Kiungulia kimemla miaka sita.
Hulala ameketi, kama abiria.
Froukje, mkewe, anasema usiku humsikia akicheua:
sauti ya ndoo inayoburutwa juu ya saruji.
Kamera ilishuka, ikaona wekundu, basi.
Kabla hajapigwa kisu daktari anataka kujua:
lango limelegea, au umio hausukumi?
Maana ukilikaza lango la umio usio na nguvu
umemfungia mtu mkate wake kifuani.

Leo nimeruhusiwa vipimo vyote viwili.
Hospitali inataka kujua kipi kibaki, kipi kikauzwe.

Cha kwanza ni cha zamani, karibu rika langu kazini:
mrija wenye matundu manane,
maji yanapita ndani yake kidogo kidogo,
machache kuliko jasho la glasi.
Umio ukibana tundu, maji hukwama,
na kule kukwama ndiko tunakokusoma.
Shinikizo lenyewe hatuligusi;
tunasikiliza maji yakilalamika.
Huoshwa, hutakaswa, hurudi kazini.
Lakini povu moja, dogo kama yai la chawa,
huutia uongo mstari mzima.
Na mgonjwa sharti alale: akiketi,
uzito wa maji hujiandika kama ugonjwa.

Cha pili kilikuja ndani ya sanduku la sponji:
vihisi thelathini na sita, sentimita kwa sentimita,
hakuna maji, hakuna pampu ya kukohoa.
Kila funda huchora picha kwenye kioo,
buluu ya kimya, kisha kijani, kisha njano,
kisha wekundu unaoteremka mshazari.
Mtu huketi. Hula.
Ila joto la mwili hukipotosha polepole,
na ukikikunja vibaya umeua kitu
chenye bei ya gari dogo.

Na lango halikai. Hilo ndilo linalotuchosha.
Ukimeza, hupanda sentimita mbili,
tundu lililobaki pale pale likasoma tumbo,
nawe ukaandika "limefunguka,"
kumbe limehama.
Wazee wetu walilivika tundu soksi ya sentimita sita
ili lango lihame ndani yake bila kupotea.
Bado naipenda ile soksi. Sijui kuieleza kwenye fomu.

Maji yalisema tisa.
Vihisi vilisema kumi na nne.
Lango lile lile, asubuhi ile ile.
"Kipi cha kweli?" Wiebren akauliza, sauti imekwaruzwa.
Nikasema kila kimoja kina ukawaida wake,
tisa ya huku si tisa ya kule.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki kwa maneno.

Mafunda tisa, umio ukasukuma vizuri.
La kumi pia. Nikampa mkate wenye siagi,
nikamwacha aketi, nikaanza kukunja nyaya.
Hapo, bila kumeza, bila kikohozi,
mstari wa lango ukafifia hadi buluu,
sekunde kumi na nane, mlango wazi,
na tindikali ikapanda bila kuulizwa.
Halikulegea. Hakuna kilichovunjika.
Lilijifungulia tu.

Nikamgeuzia kioo. Akakitazama kwa muda.
Kisha akaomba kalamu, na nyuma ya karatasi ya miadi
akaandika kama aandikavyo kwenye daftari la zamu:
Saa nne na dakika arobaini na mbili.
Lango limefunguka.
Hakuna chombo.