Mlango Mmoja

Gari langu liliwaka kwa lolote:
kwa ufunguo wa kabati, kwa mpini wa kijiko,
kwa msumari wa inchi tatu uliopondwa kwa jiwe,
na siku moja, naapa, kwa kijiti cha mshikaki.
Corona ya mwaka tisini na mbili, rangi ya chai ya maziwa,
swichi imelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Mlango wa dereva una ufunguo wake,
wa abiria una wake,
wa buti ulibaki Musoma kwa aliyeniuzia.
Miaka minne sijaona ndani ya buti langu mwenyewe.
Magunia ya dagaa yalikaa kiti cha nyuma
kama wakwe.

Nyumba zetu Kitangiri zimepanda mawe. Gari halipandi.
Lililala chini, ngazi zinapoanzia,
nami juu, na usingizi wangu.
Asubuhi nyingine nilikuta kiti kimesukumwa nyuma,
miguu mirefu ilikuwa imekaa pale usiku;
mshale wa mafuta umeshuka,
au, mara moja, umepanda.
Sikuuliza.
Ila Mwaloni waliniambia, mizani ikiwa bado inacheza:
"Mama Holo, mali unailaza nje kama jamvi."
Neno likanikaa kooni, mwiba wa sato.

Basi Mlango Mmoja, kwa fundi Bulugu,
mwenye jiliwa, tupa tatu,
na jicho moja linalofanya kazi ya mawili.
Aling'oa swichi, akaiinua juani, akapuliza.
Vumbi la dagaa likatoka, la fedha.
"Umemlisha huyu," akasema.

Akanionyesha kiganjani: vibati vya shaba,
vidogo kuliko kucha ya mtoto,
kila kimoja na kimo chake.
"Ufunguo wa kweli ukiingia vyote vinainama sawasawa,
hapo ndipo pipa linazunguka.
Vyako vimelika, mama.
Vinamwinamia kila mtu."

Akachambua kopo lake, vibati vya magari yaliyokufa,
akapanga, akapima, akapiga tupa,
springi moja ikaruka ikaingia kwa muuza mitumba,
tukaitafuta wote kwenye mifuko ya suruali zisizo zetu.
Saa kumi: ufunguo mmoja.
Milango, swichi, buti.
Alitaka elfu themanini na tano. Nikampa sabini
na kilo mbili za dagaa wa Ukerewe.
Nikafungua buti kwanza. Kach.
Tairi la akiba, jipya, na kiatu kimoja cha mtoto.

Usiku wa tatu, saa nane, mlango ukagongwa.
Mhoja, jirani wa jiwe la juu, mrefu kama mlingoti,
hana hata shikamoo.
"Mama Holo," akasema, "tumejaribu kijiko."

Nyuma yake, Nyamizi kashikwa na wanawake wawili,
anahesabu ngazi kwa sauti isiyo yake.

Nami ufunguo nimeuficha.
Si kwenye pochi. Si chini ya godoro.
Nikamwaga unga sakafuni, nikapekua sanduku la vitenge,
nikajipekua mwenyewe kama askari.
Nilikuwa nimeuficha vizuri mno.
Ulikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi,
umegeukia mgongoni.

Mtoto hakusubiri Sekou Toure.
Alitoka barabara ya Makongoro, kiti cha nyuma,
wa kike, anapiga kelele,
ana magamba ya dagaa kwenye bega.

Asubuhi nilirudi kwa Bulugu, macho mekundu.
"Nichongee mwingine."
"Mmoja?"
Nikaanza kwa vidole: wa Mhoja. Wa bibi mwenye pumu.
Wa vijana wa ghetto, maana wao ndio walioongeza mafuta.
Wa mama mapacha. Nikahamia mkono wa pili.

Bulugu akaweka tupa chini,
akanitazama kwa lile jicho.
"Si ningekuachia tu kijiko chako."