Shingo Upande

Alhamisi, siku ya arobaini juu ya jukwaa,
nikimrudishia malaika wa dari kidole cha mguu
kwa brashi ya nywele tatu,
kitu kilifunga komeo nyuma ya sikio langu.
Kikalia tiki, kama kufuli la mtu mwenye adabu.

Wakaniteremsha kama kabati.
Guram, mshika ngazi, alicheka,
kisha akaona machozi, akanyamaza.

Usiku ule nilikunywa supu kwa mrija.
Ili nigeuke kitandani nilishika nywele zangu
nikakiinua kichwa kama sufuria ya kuazima.

Kijana wa zahanati, Nodar, vidole baridi,
aliuliza: mkono una ganzi? Homa? Ulianguka?
Hapana. Nilipanda tu.
"Basi msuli umeogopa," akasema,
"umejikunja kama konokono aliyeguswa pembe.
Usiuvute. Nani amewahi kumtoa konokono kwa koleo?"
Akanipa vidonge vya siku tano, vilivyonilaza hadi adhuhuri,
akanikataza kola ya shingo, akanikataza mto wa pili,
akanikataza kulala chali mchana kutwa
kama maiti anayesubiri wageni.

Nikapasha chumvi kikaangoni,
nikaimimina katika soksi ya marehemu mume wangu.
Dakika ishirini, mabega chini.
Kisha mazoezi. Kulia mara tano: kulia kwepesi.
Kushoto mara tano, hadi panapoanza kuuma, basi.

Kushoto kuna dirisha.
Siku ya kwanza niliona fremu.
Siku ya tatu, pazia, na nzi aliyekufa tangu kiangazi.
Ya sita, mzabibu uliopukutika, bomba la uani.
Ya tisa, roshani ya Tsiala.

Tsiala ni dada yangu. Miaka kumi na mmoja
sijaitazama roshani ile, kwa ajili ya kiwanja,
na maneno aliyoyasema mazikoni.
Mama alizoea kutuambia
shingo zenu ngumu mmezirithi kwa baba yenu,
nami nilidhani ni msemo.

Alikuwa anaanika shuka. Amezeeka upande mmoja:
mkono wa kulia haupandi kamba
mpaka wa kushoto uusukume kiwikoni.
Kumbe naye.

Nilipaswa kuhesabu hadi tano, nirudi katikati.
Nikahesabu hadi tano. Nikahesabu tena.
Msuli ukatetemeka, ukalegea uzi mmoja.

Jioni, chumvi ilipopata moto,
nikatafuta soksi ya pili, ile pacha,
nikavuka ua ikinichoma kiganja.
Mtu asiseme nilikwenda kwa moyo mkunjufu.
Nilikwenda shingo upande,
ingawa upande wenyewe, tangu jukwaani,
ndiyo kwanza haukuuma sana.

Tsiala alifungua mlango, akaitazama soksi.
"Hii ya Vazha," akasema. "Imetoboka."
"Weka begani," nikasema.
"Dakika ishirini. Usijikaze."