Senti Tano

Kadi hii babu aliihifadhi ndani ya kopo la kahawa,
pamoja na vifungo viwili vya sare.
Mbele: ziwa, gati, bendera imelegea.
Nyuma: wino wa zambarau wa mgeni wa hoteli,
Oktoba, mwaka wa thelathini na saba.
Mwalimu Nekesa ndiye aliyenisomea Kijerumani chake:

“Mama, hapa si kama kwetu Cranz.
Hakuna vibanda vya kubadilishia nguo, maji hayana chumvi,
na usiku viboko huja kula bustani.
Anayetupelekea barua kwenye ndege ya majini
ana kikohozi. Sijui jina lake.”

Zablon Odera.

Stempu ilipungua senti tano.
Alirudi hotelini, akakuta chumba kimeshafagiliwa.
Hakuituma. Hakuitupa.
Akaendelea kukohoa miaka arobaini.

Jana niliipeleka Posta, nikapanga foleni
nyuma ya watu wa vifurushi.
Karani akavaa miwani, akabofyabofya kompyuta:
“Mji huu haupo. Vita viliubadilisha jina.”
Nikamwambia hata hapa paliwahi kuitwa Port Florence,
na barua zilifika.

Akacheka. Senti tano nani anazo siku hizi?
“Basi nikugongee muhuri tu?”
Akaugonga, pa!, juu ya uso wa mfalme,
tarehe ya jana.

Nimeishika kwa ncha za vidole mpaka Kondele,
wino usichafuke.
Njiani nilikohoa kidogo.
Vumbi tu.