Kadi ya Herufi C

Miaka thelathini na mmoja Mama alikula mshahara wa kamusi:
neno moja kadi moja,
kadi elfu sanduku moja la viatu.
Leo kalamu inamponyoka.
Ameukalia mkono wa kulia
kama mtu anayeficha barua.

Daktari wa Dolgellau, Ithel, mtoto wa fundi bomba,
anauliza: «Ulianza lini kutetemeka?»
Mama, ambaye hajawahi kujibu kwa tarehe
panapo jibu la mzizi, anasema:

«Crynu. Ni la kale kuliko kanisa lenu, mwanangu.
Lina ndugu Ayalandi, crith;
waliachana kabla mtu hajashika kalamu.
Hapa kwetu kuna cryd, homa ya kugonganisha meno,
na daeargryn, siku ardhi yenyewe inaposhikwa na baridi.
Yupo na cryn mwingine, maana yake "kiasi kikubwa".
Sura moja. Cheti cha kuzaliwa sijakiona.»

Ithel ameandika: miezi minane?
Kumi na minne, nikasema. Andika kumi na minne.

Tukirudi, akaniamuru nisimamishe gari
penye ukuta mfupi, kondoo wawili, mvua.
Wamelala hapa Crynwyr, Watetemekaji.
Jina walipewa kama tusi, wakalivaa.
Hakimu aliwataka wavue kofia;
ng'ombe wakaenda, vitanda vikaenda,
kofia zikabaki vichwani.
Waliosalia walipanda meli kwenda Pennsylvania.

«Haya, nionyeshe mwoga yuko wapi hapo.»

Sikumjibu. Mwoga alikuwa ameshika usukani,
mikono yake imetulia tuli
kama mikate miwili iliyopoa.

Usiku nikamkuta mezani, taa karibu na shavu,
kadi mpya mbele yake.
C ilitoka vizuri. R ikayumba. Y ikapoteza mkia.
Alipofika kwenye n, mkono ukaongeza mguu wa tatu
na neno likasomeka crymu.

Nikanyoosha mkono nichukue kifutio.
Akanipiga kofi la vidole, hafifu, lenye mitetemo mitano.

«Acha! Crymu ni neno.
Kuinama. Kupinda mgongo.
Hilo nalo tunalo,
na sijawahi kuliandikia mfano mzuri.
Niletee kadi nyingine.»