Arubaini na Mbili

Bombo, chumba cha vipimo,
nimebandikwa waya kifuani kama redio mbovu.
Daktari Semkiwa anavuta karatasi:
"Mapigo arubaini na mbili. Baba, umelala au upo?"

Nipo. Mwaka wa kumi na tisa huu nakimbia,
Ngamiani hadi Raskazone na kurudi,
Jumapili Pongwe,
tangu bandari iliponipa kiinua mgongo nikanunua raba.

Anasema moyo umetanuka.
Nikacheka: nani kautanua kama si mimi,
kilomita kwa kilomita,
kama mtu anayeongeza vyumba
bila kibali cha manispaa?

Hakucheka. Akagusa kwa kalamu
pale pigo moja lilipochelewa,
kisha mawili yakaja yakisukumana mlangoni.
"Vyumba vya juu," akasema,
"havisikilizani na vya chini."

Akaandika: apunguze.
Hakuandika: aache.
Neno hilo nimelikunja mfukoni, nimerudi nalo kwa miguu.

Raba Mwanakombo kazificha juu ya kabati.
Usiku ananilaza sikio kifuani,
anahesabu kimya,
kidole chake kikigonga shuka;
na pale panaporuka
kidole nacho kinabaki hewani,
kinangoja.